Kupima PCB katika samaki na mashapo ya Ghuba ya Mwanza kwa spektrometa ya masi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mtafiti kijana au fundi sanifu wa maabara wa Kanda ya Ziwa ambaye amepata nafasi ya kutumia mashine ya kromatografia ya gesi (inayotenganisha kemikali moja moja) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (inayozitambua kwa uzito wa molekuli na vipande vyake), na ambaye anataka kujua kwa uhakika kama sangara aliyeshushwa mwaloni Kirumba, au tope la mdomo wa Mto Mirongo, lina kemikali za viwandani zenye klorini. Nimechagua kundi moja tu la kemikali hizo, yaani PCB, kwa sababu anayelimudu kundi hili ameshapata karibu kila ujuzi atakaouhitaji kwa makundi mengine.

PCB ni kifupi cha bifenili zenye klorini nyingi. Molekuli yake ni pete mbili za benzini zilizoshikana, zenye kaboni 12 kwa jumla, ambazo zimebeba atomu za klorini kuanzia moja hadi kumi. Kwa kuwa atomu hizo zinaweza kukaa mahali tofauti kwenye pete, kuna aina 209, na kila aina huitwa konjena na ina namba yake. Zilianza kutengenezwa kibiashara nchini Marekani mwaka 1929, zikapendwa kwa kuwa haziungui kirahisi na hazipitishi umeme, na zikajazwa kwenye transfoma na kapasita duniani kote. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulizitaka nchi wanachama ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025 na ziwe zimeteketeza mabaki yake kwa njia salama ifikapo 2028. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. PCB haziyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo hutoka kwenye maji na kuingia katika tope na katika viumbe, kisha huongezeka kadiri kiumbe kimoja kinavyoliwa na kingine, kutoka kwa vijidudu vya majini hadi kwa dagaa na furu, na kutoka kwa hao hadi kwa sangara. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Nile pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke, si kwa kutiririka nje. Sehemu kubwa ya kinachoingia ghubani hukaa. Wazee wa biashara ya minofu wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Tangu hapo kila mtu anajua kwamba namba inayotoka maabara inaweza kufunga viwanda na kuwarudisha wavuvi nyumbani. Ndiyo maana ninasisitiza tangu mwanzo kwamba kutangaza PCB ambazo hazipo ni kosa kubwa sawa na kuzikosa zilizopo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuepuka makosa hayo mawili.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali na kuchukua sampuli

Chagua angalau sehemu tatu zenye historia tofauti: moja inayopokea maji ya mji, kama mdomo wa Mirongo, moja iliyo karibu na karakana, bandari au mahali panapotunzwa transfoma chakavu, na moja iliyo mbali na mji, kwa mfano upande wa Ukerewe, ambayo itakuwa rejea yako. Bila sehemu ya rejea huwezi kusema kama unachokiona kinatoka mjini au kimeletwa na upepo na mvua kutoka mbali.

Kwa mashapo, tumia kichota cha chuma, chukua sentimita tano za juu kwa kijiko cha chuma kisicho na kutu, na uweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kwa samaki, mnunue mzima mwaloni, andika urefu, uzito, jinsia na mahali alipovuliwa, kisha umfunge kwenye karatasi ya alumini iliyosuuzwa kwa heksani, upande usiong'aa ukigusa samaki, na umweke kwenye barafu. Mfuko wa plastiki uwe nje ya alumini, usiguse nyama kamwe. Usichanganye samaki wa kilo mbili na wa kilo ishirini katika kundi moja, kwa maana samaki mkubwa ameishi na kula kwa miaka mingi zaidi na atakupa picha nyingine kabisa. Kumbuka pia kwamba mnofu wa sangara ni mkavu, na mafuta yake mengi yako tumboni. Kwa hiyo amua mapema kama unapima kile mlaji anachokula au kile samaki anachobeba, na uliandike jambo hilo katika daftari kabla ya kisu cha kwanza.

Chukua pamoja nawe chupa moja yenye sodiamu salfeti safi, uifungue mtumbwini kwa muda uleule unaochota sampuli, kisha uifunge. Hiyo ni sampuli tupu ya uwandani. Watu wengi huiruka kwa kuona ni usumbufu, na baadaye hawana jibu wanapoulizwa kama moshi wa injini ya boti haukuingia kwenye chupa zao.

Hatua ya pili: kuandaa vyombo

Vyombo vyote viwe vya kioo. Vioshe kwa sabuni, visuuze kwa maji, kisha asetoni, kisha heksani, na vile visivyotumika kupimia ujazo vichome kwenye tanuri kwa nyuzi 400 za Selsiasi usiku kucha. Sodiamu salfeti nayo ichomwe vivyo hivyo.

Hatua ya tatu: kutoa PCB kwenye sampuli

Saga gramu 10 za mnofu pamoja na sodiamu salfeti ya kutosha hadi upate unga mkavu unaomwagika kama chumvi. Kabla ya kuongeza kiyeyusho chochote, dondoshea juu yake kiasi kinachojulikana, tuseme nanogramu 10 kwa kila moja, cha konjena zilizotengenezwa kwa kaboni-13. Hizi ndizo vipimo rejea vya ndani. Zinafanana na PCB za kawaida kwa kila tabia, isipokuwa ni nzito zaidi kwa masi 12, kwa hiyo chochote kitakachopotea njiani kitapotea kwa pande zote mbili kwa uwiano uleule, na hesabu itajirekebisha yenyewe. Zina bei kubwa. Bajeti ikikaza, punguza idadi ya sampuli badala ya kuziacha.

Toa kwa mchanganyiko wa heksani na asetoni, nusu kwa nusu, katika kifaa cha Soxhlet, yaani kifaa cha kioo kinachopitisha kiyeyusho cha moto kwenye sampuli tena na tena, kwa saa 16. Chukua sehemu ndogo ya dondoo, yaani kiyeyusho kilichobeba PCB na mafuta, iache ikauke kwenye kikombe kilichopimwa uzito, na upime mafuta yaliyobaki, utayahitaji mwishoni. Umeme ukikatika katikati ya usiku, zima swichi, na utakaporudi anza kuhesabu saa pale ulipoachia, mradi kiyeyusho hakijakauka.

Hatua ya nne: kusafisha dondoo

Hapa ndipo PCB zinapotupa msaada wa bure: haziliwi na asidi ya salfuriki. Pitisha dondoo, sasa ikiwa katika heksani peke yake, kwenye kolamu ndogo ya silika iliyochanganywa na asidi kali ya salfuriki, nawe utaona mafuta yakiacha utepe wa kahawia unaogeuka mweusi huku heksani ikitoka chini bila rangi. Ikitoka na rangi ya chai, rudia. Ujue tu kwamba asidi huharibu viuatilifu kama dieldrini na endrini, kwa hiyo mtu anayetaka kupima na hivyo lazima agawe dondoo yake kabla ya hatua hii.

Mashapo yana shida yake ya ziada. Tope la ghuba lisilopata hewa huwa na salfa nyingi, na salfa ikiingia kwenye mashine hutoa mlima mpana unaofunika kila kitu. Tia chembe za shaba zilizooshwa kwa asidi na kusuuzwa, tikisa, na uangalie: shaba inayong'aa kama sarafu mpya itageuka nyeusi ndani ya dakika chache. Ongeza nyingine, na nyingine tena, hadi shaba ya mwisho ibaki na rangi yake.

Punguza dondoo hadi mikrolita 100 kwa mkondo mdogo wa naitrojeni, na usiiache ikauke kabisa. Konjena nyepesi kama PCB 28 huondoka pamoja na mvuke wa mwisho wa heksani.

Hatua ya tano: kuitayarisha mashine

Tumia kolamu, yaani mrija mwembamba ambamo konjena hutenganishwa, ya mita 30 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.25 na utando wa mikromita 0.25, wa aina ya asilimia 5 fenili, na heliamu ikipita kwa mililita 1 kwa dakika. Dunga mikrolita 1 bila kugawanya, kwa nyuzi 280. Oveni ianze nyuzi 80 kwa dakika 2, ipande haraka hadi 180, kisha polepole, nyuzi 3 kwa dakika, hadi 270, na imalizie 300. Mzunguko mmoja utachukua kama dakika 45. Sehemu ya polepole isifupishwe, kwa kuwa ndipo konjena zinapoachana.

Ndani ya spektrometa, elektroni zenye nishati ya 70 eV huzigonga molekuli, huzifanya ayoni, na ayoni hizo hupangwa kwa uwiano wa masi na chaji. Kabla ya kazi, rekebisha mashine kwa kimiminika chake cha kawaida chenye florini, ambacho hutoa ayoni za 69, 219 na 502. Kisha tazama hewa na maji: masi 18 ni maji, 28 ni naitrojeni, 32 ni oksijeni. Ikiwa 28 inazidi sehemu ya kumi ya 69, hewa inaingia mahali, na mara nyingi ni kwenye nati ya kolamu inayoingia kwenye spektrometa, ambayo hulegea baada ya oveni kupanda na kushuka mara kadhaa.

Umeme wetu unahitaji maneno machache. Pampu ya ombwe isiyo na chanzo cha umeme wa akiba itazimika ghafla, mafuta ya pampu ya nyuma yanaweza kupanda, na chanzo cha ayoni chenye joto la nyuzi 230 kitapata hewa. Weka betri za akiba zinazotosha kuizima mashine kwa utaratibu, si za kuendelea na kazi. Baada ya kila tukio la namna hiyo, acha ombwe lijenge usiku mzima, rudia marekebisho, na usiendelee na kundi la jana kana kwamba hakuna kilichotokea. Heliamu nayo huagizwa mapema, kwani kusubiri mtungi kutoka Dar es Salaam kumesimamisha kazi za watu wengi. Wapo wanaohamia haidrojeni. Kwa kemikali zenye klorini nashauri tahadhari, kwa sababu haidrojeni ndani ya chanzo cha moto inaweza kuing'oa klorini na kuvuruga uwiano uleule tunaoutegemea.

Hatua ya sita: kuisoma saini ya klorini

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili: 75.8% ni klorini-35, na 24.2% ni klorini-37. Molekuli yenye klorini moja huonyesha vilele viwili vinavyopishana kwa masi 2, cha kwanza kikiwa mara tatu ya cha pili. Klorini zikiwa mbili, vilele vinakuwa vitatu kwa uwiano wa karibu 9:6:1. Kadiri klorini zinavyoongezeka, kilele kirefu kinasogea kulia, hadi kwenye klorini sita ambapo masi 358, 360, 362 na 364 zinasimama kwa urefu wa 52, 100, 80 na 34. Mpangilio huo hauwezi kuigizwa kirahisi na kitu kisicho na klorini sita, na ndiyo sababu spektrometa ya masi inaaminika kuliko kigunduzi cha kunasa elektroni, ambacho hukuambia kwamba kuna klorini bila kukuambia ya nani.

Iagize mashine ifuatilie ayoni mbili kwa kila konjena na uhesabu uwiano wa maeneo ya vilele vyake:

PCB 28: masi 256 na 258, uwiano 1.04
PCB 52: masi 290 na 292, uwiano 0.77
PCB 101 na 118: masi 326 na 328, uwiano 1.55
PCB 153 na 138: masi 360 na 362, uwiano 1.24
PCB 180: masi 394 na 396, uwiano 1.05

Nimezitaja kwa mpangilio zinavyotoka kwenye kolamu hii. 153 hutangulia 138. Ongeza masi 12 kwa kila moja ili kufuatilia vipimo rejea vya ndani. Kilele kikubalike pale tu kinapotoka kwa wakati mmoja na kipimo rejea chake, ayoni zote mbili zinapofika kileleni pamoja, na uwiano unapokuwa ndani ya asilimia 15 ya namba iliyoandikwa hapo juu. Kwa klorini sita, hiyo ni kati ya 1.05 na 1.43.

Nikumbuke jambo moja. Katika sampuli zangu za kwanza za sangara niliona kilele kizuri kwenye masi 360, chembamba, mahali karibu sawa na PCB 138, na niliandika namba yake kwa furaha. Mwenzangu aliyenizidi uzoefu akaniuliza swali moja: "362 inasemaje, ndugu yangu?" Uwiano ulikuwa 2.6. Nilirudia kusafisha kwa silika yenye asidi, nikadunga tena, na kilele kikatoweka chote. Kilikuwa ni mabaki ya mafuta ya samaki. Tangu siku hiyo siandiki kiasi kabla ya kuandika uwiano.

Kuna mtego mwingine ambao uwiano peke yake hauufichui. Molekuli ya PCB inapogongwa hupoteza klorini mbili, yaani masi 70, kwa hiyo konjena yenye klorini sita hutoa vipande vya 290 na 292, masi zilezile za konjena yenye klorini nne, na yenye saba huacha vipande vya 324 na 326. Ukiona kilele kwenye 292, tazama kwanza kama kuna kilele kwenye 360 kwa sekunde ileile. Kikiwepo, unachokiona kinaweza kuwa kivuli tu. Na hapa kwetu, ambako mashamba ya pamba ya Usukuma yalipuliziwa viuatilifu kwa miaka mingi, tarajia DDE, yaani mabaki ya kiuatilifu cha DDT, katika kromatogramu zako (michoro ya vilele inayotolewa na mashine). Itambue kwa ayoni zake za 246, 248, 316 na 318 ili usiihesabu kwa jina la mwingine. Baadhi ya konjena, kama 28 na 31 au 138 na 163, hazitenganishwi kikamilifu na kolamu hii, nawe sema hivyo wazi katika jedwali lako.

Mwenye mashine ya masi pacha, inayochagua ayoni moja, kuivunja na kupima kipande chake, afuatilie mpito wa 360 kwenda 290, wa 326 kwenda 256, na kadhalika. Atapata usafi zaidi.

Hatua ya saba: sampuli tupu na hesabu

Kila kundi la sampuli kumi liwe na sampuli tupu moja iliyopitia kila hatua. Katika maabara moja niliyofanya kazi, sampuli tupu zilianza kuonyesha PCB 28 na 52. Tulibadilisha heksani, tukachoma vyombo upya, tukatupa silika nzima, na vilele vikabaki palepale. Mwishowe fundi alipanda ngazi akafungua taa ya zamani ya mirija juu ya meza ya kupunguzia dondoo, na ndani ya kasha lake akakuta kapasita iliyovimba, ikiwa na utando wa mafuta mazito chini yake. Taa ilipoondolewa na chumba kusafishwa, sampuli tupu zikawa tupu kweli.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba eneo la PCB 153 ukiligawa kwa eneo la kipimo rejea chake unapata 0.42, na kigezo cha mwitikio kutoka kwenye mstari wa ulinganisho, yaani uwiano uleule ulioupata kwa kudunga viwango vinavyojulikana vyenye kiasi sawa cha vyote viwili, ni 1.05. Basi 0.42 gawa kwa 1.05, mara nanogramu 10, ni nanogramu 4.0, ukigawa kwa gramu 10 za mnofu unapata nanogramu 0.40 kwa gramu. Mafuta ya mnofu yakiwa 0.8%, hiyo ni nanogramu 50 kwa gramu ya mafuta. Andika namba zote mbili. Ya kwanza ndiyo inayolinganishwa na kikomo cha Umoja wa Ulaya cha nanogramu 125 kwa gramu kwa jumla ya konjena sita, yaani zote zilizo hapo juu isipokuwa 118, katika nyama ya samaki wa porini wa maji baridi. Ya pili ndiyo inayokuwezesha kumlinganisha sangara na sato au kamongo. Kipimo rejea kilichopotea zaidi ya nusu kinahitaji maelezo, na kilicho chini ya kikomo cha ugunduzi kiandikwe hivyo, wala kisiandikwe sifuri.

Hatua ya nane: mabaki

Heksani iliyotumika, silika yenye asidi, shaba nyeusi na vibaki vya dondoo visimwagwe kwenye sinki, kwa sababu maji ya sinki za Mwanza mwisho wake ni ziwa lilelile tunalolipima. Viyeyusho vyenye klorini vikae chombo chake, visivyo na klorini chake, na asidi chake, vyote vya kioo na vyenye kifuniko, vikiwa na lebo inayotaja kilichomo, kiasi, tarehe na jina la aliyeweka, na vikabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi kwa hati iliyosainiwa na pande zote mbili.